Umeitwa kazini Bundibugyo, Kisoro au Buliisa? Hesabu za kufanya kabla ya kusema ndiyo

Kazi ya mji mdogo wa mbali huja na mishahara miwili: ule ulioandikwa kwenye barua, na ule unaobaki baada ya nauli, daktari aliye mbali na nyumba mbili zinazokula chungu kimoja. Wengi huamua kwa ule wa kwanza. Hapa tunakokotoa wa pili, kwa ajili ya mtu aliye Kampala, Jinja, Mbale au Gulu ambaye ameitwa magharibi mwa Uganda. Hatusemi Mbarara wala Fort Portal mjini. Tunasema kule ramani inakokaribia kuisha: Bundibugyo, Ntoroko, Bwera, Kanungu, Kisoro, Buliisa.

Kama barua imekupa siku tatu za kujibu, omba wiki mbili. Mwajiri anayekuhitaji kweli atakupa. Asiyekupa amekuonyesha mapema atakavyokujibu siku utakapoomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mzazi. Wiki mbili zinatosha kwa yote yaliyomo humu, pamoja na safari ya kwenda kuona kwa macho.

Mbali na nini?

Kilomita hudanganya. Kampala hadi Fort Portal ni kama 300, lami tupu. Kutoka hapo hadi Bundibugyo ni kama 80 tu, ila barabara inazunguka bega la kaskazini la Rwenzori na kushuka kwa kona hadi Sempaya kwenye chemchemi za maji moto, na mvua ikikolea udongo wa mlimani humwagika barabarani. Kisoro ni karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na kipande cha mwisho kutoka Kabale ni kupanda na kushuka, asubuhi nyingi ndani ya ukungu. Buliisa imesogezwa na mafuta: barabara ya Hoima, Butiaba hadi Wanseko, kilomita 111, sasa ni lami.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike saa badala ya kilomita, kutoka kitanda utakacholalia hadi sehemu nne: chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, mashine ya kutolea pesa, shule utakayompeleka mtoto, na nyumbani kwa wazazi. Kila sehemu iandikie muda mara mbili, wa kiangazi na wa mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Pembeni andika njia ya pili. Mei 2023 barabara kuu ya Kampala–Masaka ilikatika kwenye daraja la Katonga, na magari ya kwenda Mbarara na Kabale yakalazimika kuzunguka mbali. Ukiwa Kisoro na huna njia ya pili kichwani, siku kama hiyo unafika msibani watu wameshazika.

Jambo moja dogo ambalo watu husahau: magharibi hakuna hali ya hewa moja. Ziwa Albert lipo kama mita 620 juu ya usawa wa bahari, Kabale karibu mita 2,000. Aliyezoea Entebbe akipelekwa Ntoroko atalala madirisha wazi na bado ajipepee, na akipelekwa Kisoro atatafuta blanketi la pili kabla ya wiki kuisha.

Pesa: anza na makato, si na mshahara

Tutumie viwango vya kodi ya mshahara, ile PAYE, vya mwaka wa fedha 2024/25. Shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi. Kutoka hapo hadi 335,000 unakatwa asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na juu ya 410,000 asilimia 30. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unachangia asilimia 5 kutoka kwenye mshahara wako. Mwajiri anaongeza 10 zake, ambazo hazikutoki mfukoni. Kabla ya kusaini, hakikisha viwango vya mwaka ulio nao.

Tuseme leo unalipwa 1,500,000 Kampala. Kodi ni 352,000 na NSSF 75,000, kwa hiyo unashika 1,073,000. Barua mpya inasema 2,000,000. Kodi inakuwa 502,000, NSSF 100,000, mkononi 1,398,000. Nyongeza iliyokusisimua ilikuwa 500,000. Iliyofika ni 325,000. Ukishavuka 410,000, kila laki moja ya nyongeza inakuachia 65,000. Posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa pesa taslimu nayo inakatwa vivyo hivyo, kwa hiyo usiihesabu nzima nzima.

Kuna pia kodi ya huduma ya serikali za mitaa. Anayebaki na zaidi ya 1,000,000 kwa mwezi baada ya PAYE hulipa 100,000 kwa mwaka, nayo hukatwa katika miezi minne ya kwanza ya mwaka wa fedha, Julai hadi Oktoba, 25,000 kila mwezi. Ukianza kazi Julai usishtuke mshahara ukipungua.

Sasa toa gharama za umbali katika zile 325,000. Kwa mfano, kama kwenda na kurudi nyumbani ni 100,000 na unarudi mara mbili kwa mwezi, zimebaki 125,000. Ukituma 600,000 nyumbani kwa simu, serikali inachukua asilimia 0.5 mwenzako anapotoa, yaani 3,000, na ada ya kampuni ya simu iko juu yake. Halafu kuna jiko la pili: godoro, mtungi wa gesi, sufuria, ndoo, pazia, taa. Gharama za mara moja kama hizo, pamoja na lori la kuhamisha vitu na kodi ya nyumba ya kutanguliza, zijumlishe, ugawanye kwa 12, na matokeo uyatoe kila mwezi. Hapo nyongeza ya theluthi moja ya mshahara imekwisha, na hujanunua hata soda.

Msimamo wetu ni huu: kama familia inabaki ulikotoka na mwajiri hakupi nyumba, nyongeza iliyo chini ya nusu ya mshahara wa sasa ni kuhama kwa hasara. Unaweza kukubali hasara hiyo kwa sababu nyingine, labda cheo, labda ujuzi usiopatikana mjini, lakini ujue unainunua.

Nyumba ya mwajiri hubadilisha kila kitu, ingawa nayo inakatwa PAYE. Kwa kawaida unahesabiwa kuwa umepata faida sawa na pango la nyumba hiyo kwa bei ya soko, au asilimia 15 ya mapato yako ya kazi, ile iliyo ndogo. Nyumba ambayo ingepangishwa 200,000 inamwongezea mtu wa mshahara wa 2,000,000 PAYE ya kama 60,000 kwa mwezi. Bado ni nafuu kuliko kupanga. Uliza tu kama mwajiri anaifanya hesabu hiyo sasa au ataikumbuka URA, mamlaka ya mapato, wakija kukagua.

Chakula hakitakusumbua. Ndizi, maharage, muhogo na viazi viko karibu na shamba. Kinachouma ni kila kilichopanda lori: gesi, vipuri vya gari, dawa zisizo za kawaida, vitabu vya shule.

Kwa watumishi wa serikali kuna posho ya maeneo magumu kufikika, asilimia 30 ya mshahara wa msingi. Usiichukulie kuwa ni haki ya wilaya nzima. Anayefanya kazi ndani ya baraza la mji anaweza kuikosa huku mwenzake wa kata ya jirani akiipata. Uliza ofisi ya utumishi ya wilaya kwa jina la kituo chako, si kwa jina la wilaya. Na kwa kuwa kuingizwa kwenye orodha ya malipo kwa mara ya kwanza huweza kuchelewa, nenda na akiba ya miezi mitatu ya kula na kulala.

Kazi yenyewe itaishi muda gani?

Kule unakokwenda kazi nyingi zinatoka katika mifuko mitatu, na kila mmoja hukauka kwa namna yake.

Mafuta kwanza. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa Februari 2022, ikafuata kazi ya miradi ya visima: Tilenga upande wa Buliisa, Kingfisher upande wa Kikuube, na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Chongoleani, Tanga. Ujenzi hula watu wengi: mafundi wa kuchomelea, madereva, wapishi, walinzi, wapima ardhi. Uzalishaji hula wachache. Kwa hiyo muulize anayekuajiri: wewe ni mkandarasi mkuu, mkandarasi mdogo, au mkandarasi wa mkandarasi? Mkataba wako na kampuni ya juu unaisha lini? Kadiri ulivyo chini katika mlolongo huo, ndivyo mshahara unavyochelewa kukufikia na ndivyo unavyokuwa wa kwanza kuachishwa.

Mashirika ya misaada ndiyo mfuko wa pili, hasa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ya wazi, maana wakimbizi wengi wametoka Kongo na Kiswahili ndicho wanachoongea nawe bila mkalimani. Lakini nafasi hufa pamoja na mfadhili. Mapema 2025, fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, ziliposimamishwa, watu waliokuwa na mikataba mizuri walijikuta wanafunga mizigo. Uliza mfadhili ni nani, fedha zinaisha tarehe gani, na kama nafasi yako inalipwa na mfadhili mmoja au wawili. Mwenye wafadhili wawili ana pumzi kidogo.

Serikali ni polepole kuajiri na polepole kuachisha. Kwa walimu wa Kiswahili, uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022 wa kulifanya somo hili la lazima shuleni umefungua mlango, ila katika shule nyingi za mbali utakuwa mwalimu peke yako wa somo hilo, bila wa kushauriana naye na pengine bila vitabu. Hilo nalo liingie katika hesabu.

Mkataba: sentensi tano za kudai

Sheria ya Ajira ya 2006 inakusaidia, lakini inasaidia zaidi aliyeisoma kabla ya kupakia godoro.

Majaribio hayazidi miezi sita, na kuyaongeza kunahitaji ukubali. Katika kipindi hicho mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14, au kukulipa mshahara wa siku 7 badala ya notisi. Fikiri maana yake: umelipa nyumba ya miezi sita Bundibugyo, umehamisha mtoto, na mwezi wa tatu unaambiwa asante.

Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi aliyeajiriwa kwa kazi iliyo zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwake haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri hadi mahali alipoajiriwa. Haki hiyo inahusu mkataba ukimalizika muda wake, ukivunjika kwa ugonjwa au ajali, pande mbili zikikubaliana kuachana, au ofisa wa kazi au mahakama ikiamuru. Kama mwajiri ndiye aliyeileta familia yako, nayo inarudishwa kwa gharama yake. Tazama kilichokosekana: kuachishwa wakati wa majaribio hakutajwi waziwazi. Basi kitaje wewe.

Omba haya yaandikwe. Moja, mahali ulipoajiriwa na mahali pa nyumbani kwako, kwa majina. Mkataba unaosema uliajiriwa Hoima wakati umetoka Iganga unakunyang'anya lori la kurudi. Mbili, mwajiri analipa usafiri wako na wa mizigo hadi uzito fulani, kwenda na kurudi, hata ukiachishwa katika majaribio. Tatu, kituo cha kazi kwa jina, na kitakachofanyika wakikuhamisha. Nne, siku za safari zisikatwe kwenye likizo. Sheria inakupa siku 7 za likizo kwa kila miezi minne, yaani 21 za kazi kwa mwaka, na mtu wa Kisoro anayekwenda kwao Soroti hupoteza siku mbili kwenda na mbili kurudi. Tano, nani anakutoa huko ukiugua sana usiku, kwa gari gani.

Mwajiri akisema "hayo tutaelewana ukifika," mwambie kwa heshima kwamba utafika mkishaelewana.

Daktari

Hapa ndipo tungemshauri mtu akatae kazi nzuri.

Kituo cha afya cha daraja la tatu kinazalisha na kutibu malaria. Cha daraja la nne kinapaswa kuwa na chumba cha upasuaji na kufanya upasuaji wa uzazi. Neno ni "kinapaswa". Nenda pale, salimia, uulize maswali manne: mara ya mwisho mama kufanyiwa upasuaji hapa ni lini? Mtaalamu wa usingizi yupo, au anakuja kwa kuitwa? Damu ipo leo? Gari la wagonjwa lina mafuta, au mgonjwa ndiye anayeyanunua? Wauguzi hujibu maswali haya bila kuficha, kwa sababu nao yamewachosha.

Hospitali za rufaa za mkoa ziko Fort Portal, Hoima, Kabale na Mbarara. Kati yake kuna hospitali za misheni na za jamii ambazo mara nyingi ndizo zitakazokuokoa: Mutolere karibu na Kisoro, Kagando wilayani Kasese, Bwindi kule Kanungu. Ijue iliyo karibu nawe na ujue bei zake.

Kama nyumbani kuna mjamzito, mtoto mwenye selimundu, au mtu wa dawa za kila siku za presha au sukari, weka mpaka: saa mbili hadi hospitali yenye daktari na damu, wakati wa mvua. Ikizidi, nenda peke yako au usiende. Kwa dawa za kila siku beba za miezi mitatu.

Magonjwa yanafuata mwinuko na maji. Bundibugyo na ukingoni mwa Ziwa Albert malaria ni ya kweli, chandarua si pambo. Ziwani Butiaba na Ntoroko usitembee majini miguu mitupu, kichocho kipo. Mlipuko wa Ebola wa 2007 ulitokea Bundibugyo, na Kagadi ikapata wa kwake 2012. Anayekwenda kufanya kazi ya afya aulize glavu na mavazi ya kinga viko stoo kiasi gani kabla ya kuuliza mshahara.

Jirani na mpaka uliza usalama pia. Shambulio la Juni 2023 kwenye shule ya sekondari huko Mpondwe lilifanywa na waasi wa ADF. Mwajiri makini wa upande ule ana mpango wa kuondoa watu na anaweza kukueleza kwa dakika tano. Akianza kutafuta maneno, hana.

Nenda ukaone, usiku nne

Panda basi Alhamisi, rudi Jumatatu. Ijumaa unaona ofisi ikiwa inafanya kazi, Jumamosi soko, Jumapili kanisa au, kama ni Mwislamu, Ijumaa yenyewe msikitini. Usipokelewe na gari la mwajiri. Panda basi na boda kama utakavyopanda siku zote, na uandike kila shilingi.

Mtu wa kwanza kumtafuta ni aliyeshika nafasi hiyo kabla yako. Kama mwajiri hataki kukupa namba yake, waulize walinzi na mama wa kantini; wao hawasahau. Swali ni moja: "Uliondoka kwa nini, na ungerudi kwa mshahara gani?" Kama nafasi imeshikwa na watu watatu ndani ya miaka miwili, tatizo halikuwa hao watatu.

Nyumba ikaguliwe asubuhi na usiku. Fungua bomba saa kumi na mbili asubuhi, halafu tena jioni. Maji ya mserereko kutoka mlimani hukatika au kuja na tope baada ya mvua kubwa. Ukiona jerikeni za njano zimepangwa foleni kisimani alfajiri, bomba la nyumba hiyo ni mapambo. Uliza jerikeni ya lita 20 ikiletwa na kijana wa baiskeli ni shilingi ngapi, uzidishe kwa mbili kwa kila mtu kila siku. Kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, mwombe mwenye nyumba anunue tokeni ndogo ukiwa umesimama pale. Kama sehemu ya pesa inamezwa na deni la zamani, au mita inahudumia vyumba vinne na vinyozi viwili, umejua.

Ingia chumba cha kulala, funga mlango, piga simu kwa laini zote mbili saa mbili usiku. Mtandao wa barabarani mchana haumaanishi kitu. Bwera na Kisoro simu huweza kurukia mtandao wa Kongo au Rwanda na kula salio kimyakimya; chagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio, na data ya nje uizime.

Kama kazi yako inahitaji kompyuta, usitegemee umeme wa gridi peke yake. Kompyuta ya wati 50 kwa saa sita ni wati-saa 300, taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100, ruta ya wati 10 kwa saa kumi ni 100: jumla 500. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200 kwenye karatasi, lakini ukiitumia zaidi ya nusu kila siku inakufa mapema, kwa hiyo una 600. Paneli ya wati 100 haitairudishia betri hiyo. Nunua ya 200, na kwa Kisoro yenye mawingu ongeza tena. Kosa la kawaida ni kununua betri kubwa na paneli ndogo, kisha kulaumu betri.

Mahali pa nyumba pia. Kasese mto Nyamwamba ulifurika 2013, na 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Muulize mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji: "Mzee, maji yaliwahi kufika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Ukienda kumuona, omba hapo hapo akueleze anachohitaji ili akuandikie barua ya makazi ukihamia. Wengi watataka barua ya LC1 ya ulikotoka na kitambulisho cha taifa. Kodi ya nyumba ikifika 500,000 au zaidi, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inataka mkataba wa maandishi. Ikiwa chini ya hapo, andikeni hata hivyo.

Mwenzi na watoto

Usihamishe familia kabla majaribio hayajaisha. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo, swali la kwanza ni kazi ya mwenzi. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali yuko kwenye orodha ya wilaya, kwa hiyo kuhamia wilaya nyingine kunataka wilaya moja imwachie na nyingine iwe na nafasi. Hilo huchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Anayefanya biashara anaanza upya na wateja wasiomjua. Mshahara wa pili ukipotea, rudi kwenye hesabu ya juu na uuondoe wote.

Mtoto wa P.1 hadi P.3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, katika shule nyingi za vijijini hufundishwa kwa lugha ya mahali, na P.4 ndipo Kiingereza kinaposhika. Aliyetoka P.2 ya Kampala akikuta darasa la Rutooro au Lukonzo atakaa kama bubu muhula mzima. Si mjinga, hajui lugha. Mwalimu aambiwe mapema. Watahiniwa wa P.7, na wa S.4 na S.6 za sekondari, wasiguswe: wakishasajiliwa UNEB, baraza la mitihani, kubadilisha kituo ni taabu. Hamisha Januari, kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa.

Watu

Kiswahili kitakufaa Bwera sokoni, Bundibugyo na kwenye makazi ya wakimbizi. Kanungu vijijini hakitakufikisha mbali, na wazee wengine bado wanakihusisha na askari wa zamani, kwa hiyo anza na salamu ya pale. Kwa Batooro na Banyoro utaulizwa empaako yako, jina la heshima na upendo: Amooti, Akiiki, Abwooli, Ateenyi, Adyeeri na mengineyo. Huna? Omba upewe. Kumwita mtu mzima kwa empaako yake ofisini kunafungua milango ambayo barua hazifungui.

Kigezi, kuanzia Kabale hadi Kanungu na Kisoro, kuna vikundi vya engozi, watu wa kijiji wanaobebana kwa machela hadi barabarani mgonjwa anapozidiwa, na wanaozikana. Lipa ada yake mwezi wa kwanza, hata kama una gari. Gari halipandi kila mlima.

Kujibu

Rudi na karatasi zako: saa hadi hospitali, pesa inayobaki kwa mwezi, tarehe ya mwisho ya fedha za nafasi yako, na majibu ya mwajiri kuhusu zile sentensi tano. Hospitali ikivuka mpaka uliouweka na familia inakuja, jibu ni hapana, mshahara uwe wowote. Pesa inayobaki ikiwa pungufu ya ya sasa, andika barua moja tu ya kuomba: nyumba kwanza, kisha usafiri, na nyongeza ya mshahara mwisho. Mpangilio huo una sababu. Laki mbili ya mshahara inakufikia 130,000. Nyumba ya laki mbili inakuachia kama 140,000 baada ya PAYE yake, na kodi ya nyumba ikipanda mjini si juu yako.

Ukikubali, jiwekee tarehe ya kupima tena, wiki mbili kabla majaribio hayajaisha, na hadi siku hiyo usiuze kitu nyumbani, usivunje upangaji wa zamani kama unaweza kumweka ndugu, na usinunue kiwanja huko hata kikiwa cha bei ya kutupa. Ukikataa, jibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, taja sababu moja ya kweli, na ueleze kwa sharti gani ungekwenda. Nafasi hizi hurudi sokoni mara nyingi, na ofisa aliyekosa mtu mara mbili hulitafuta jina lako akiwa na bajeti nyingine mkononi.